Kinda wa Shadrack

Tulipokuwa watoto Kangemi, na wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, kadi ya mchezaji chipukizi ilikuwa takataka. Leo ndiyo inayowekwa kwenye kabati la kioo la duka moja kule Westlands, imewashiwa taa yake peke yake, na vijana wenye ndevu za kuchongwa wanaitazama kwa heshima ambayo hawajawahi kumpa mzee yeyote. Nimekasirika, na nitaeleza kwa nini, maana mtu mzima asipoeleza hasira yake watu husema ni presha.

Kadi zenyewe zilikuwa za wanasoka wa Ulaya, picha mbele, maelezo mafupi nyuma. Zilikuja ndani ya pakiti za chingamu ambazo kwetu hazikununulika. Baba alikuwa mtunza bustani kwa matajiri wa Lavington. Watoto wa pale walifungua pakiti, wakachukua staa, na kinda asiyejulikana wakamtupa kwenye nyasi zilizokatwa. Baba akamwokota. Jioni tulikimbilia koti lake lililonuka nyasi mbichi na petroli ya mashine, tukaingiza mikono mifukoni, na humo mlikuwa na makinda wamelowa, mwingine amekunjika kichwa.

Kwa hiyo sisi hatukuwa na mastaa. Tulikuwa na makinda tu, na ndipo kaka yangu mkubwa Shadrack alipoanzisha ubatizo. Ukipata kinda, unamchunguza uso, unasoma umri wake, halafu unaandika jina lako nyuma kwa biro. Ukishaandika, ni wako wa kulea. Hakuna wa kukunyang'anya hata akija kuwa mkubwa kuliko wote, na akivurunda uwanjani huna ruhusa ya kumkana. Mimi nilikuwa na kipa aliyefungwa mabao mpaka watoto wa ploti yetu wakawa wananipa pole. Mama, akigeuza mandazi kwenye karai, alilalamika kwamba biro za shule zinaishia kwa wazungu wasiomjua. Baba alimtetea Shadrack. "Mtoto hupewa jina kabla hajatembea," alisema, akaendelea kuvua gambuti zake.

Shadrack alijichagulia kijana mmoja mwembamba, shingo ndefu, aliyepigwa picha akiwa na traksuti ya wachezaji wa akiba. Tulimcheka hadi tukashika mbavu. Yeye akaandika "Shadrack Andayi" nyuma ya kadi. Tangu hapo tulisoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama, tukimtafuta yule kijana, na tulisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta wa mabati. Siku alipofunga bao ambalo kila mtu alilizungumzia, Shadrack alikimbia hadi barabarani Waiyaki Way akipiga mayowe, na mama mmoja wa mboga akauliza kama ameokoka. Kijana akawa staa wa dunia. Jina lake silitaji, yeye hana kosa. Kwetu Kangemi alijulikana kama wa Shadrack.

Hivyo ndivyo kadi za makinda zilivyopata thamani, mkiniuliza mimi. Kadi ya kwanza ya mchezaji, hiyo wanayoiita rookie, ni adimu kwa sababu ilipotoka hakuna aliyeitaka. Zilifagiliwa, zikachomwa pamoja na majani. Zilizobaki zilibaki kwa sababu kuna mtu aliyeinama akaziokota. Hawa wa siku hizi hawainami. Wanangoja mtu awe mkubwa kwanza, ndipo waseme walimjua zamani. Kijana hajui mchezaji anapigia mguu gani, lakini atakueleza hali ya kona zote za kadi kama daktari wa meno.

Shadrack alifariki mwanawe Dennis akiwa bado tumboni. Vitabu vyake vya shule vilikuwa vimewashia jiko kitambo, kwa hiyo mwandiko wake ulibaki mahali pamoja tu, nyuma ya ile kadi. Niliitunza ndani ya Biblia miaka yote. Mwezi uliopita Dennis alipata kazi katika ofisi moja Westlands, nikamwita hapa kwangu Mountain View, nikamkabidhi. Nilimwambia, "Huyu kinda ni wa baba yako. Sasa ni wako."

Jumamosi akaja amechangamka, kadi iko ndani ya kisanduku cha plastiki.

"Anko, cheki venye imeng'aa!"

Kumbe aliipeleka kwenye lile duka, si kuiuza, kuulizia tu itunzwe vipi. Jamaa wa duka akamwambia maandishi yanaiharibia hadhi, akamwelekeza kutumia spiriti na pamba.

"Umefuta nini, Dennis?"

"Hiyo biro ya nyuma tu. Sasa iko clean. Rookie kama hii ni rare, anko."

"Hiyo biro ilikuwa mkono wa baba yako!"

"Lakini jina yake si niko nayo kwa ID?"

Nilipaza sauti mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nina hasira na lile duka, nina hasira na plastiki, nina hasira na watu waliofundisha watoto wetu kwamba kitu kilichoguswa na mtu kimeharibika. Dennis alianza kulia, mwanamume mzima na beji ya ofisi shingoni, akisema alitaka tu kuiweka poa ili isipotee.

Zamani tulimwandikia mtu jina letu akiwa bado si kitu, tukamngoja. Siku hizi akishakuwa kitu ndipo wanawafuta waliomngoja. Bado nasema hivyo, na bado nimekasirika.

Alipotulia, Dennis aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anko, alikuwa anaandika S yake aje?"

Nilichukua kalamu nimwonyeshe. Nilijaribu pembeni mwa gazeti, nikajaribu tena, nikajaza ukingo wote. Kila S niliyoandika ilikuwa yangu.