Wimbo wa Nyuma ya Bati

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi nilipofungiwa ndani. Naujua wakati huo kwa sababu nilikuwa nikitazama saa ya mkononi ili niipange siku yangu, na nilipoinua macho mlango ulikuwa umeshafungwa, kufuli likalia nje. Niliita. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kuimba, na sauti yake ilikuwa ikienda mbali.

Ulikuwa mwaka 2013, wakati wa mvua, mjini Kakuma. Nilikuwa nimetoka Lodwar kwa kazi ya siku moja tu. Laga, ile mito ya huku inayokauka msimu wa jua, zikajaa maji, magari yakazuiwa njiani, na vyumba vyote vya wageni vikachukuliwa na madereva. Mama mmoja muuza makaa, ambaye nilikuwa nimemtembelea kikazi mara kadhaa, akanipa ngozi ya kulalia katika nyumba yake ya bati. Kila asubuhi alibeba gunia kwenda kuuza katika kambi ya wakimbizi, na kila asubuhi aliwafungia wanawe wawili ndani: msichana wa miaka mitano hivi na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema sawasawa. Malori yalipita karibu na mlango, na laga ilikuwa nyuma ya nyumba. Hakuwa na mtu wa kumwachia. Siku hiyo alifunga kama alivyozoea, akasahau kwamba ndani kuna mtu mzima.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi cherehani Lodwar, na kitabu chochote kuhusu watoto kilichopita mikononi mwangu nilikisoma hadi mwisho. Ndiyo sababu mradi mdogo wa pale mjini ulinichukua mwaka 2012. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi wazazi waimbe na watoto wao nyumbani, wakiwa wanawaogesha, wanapika, wanachota maji, ili mtoto ayapate maneno na mpangilio wake kabla hajafika shule. Nilipewa redio ndogo ya kadi yenye nyimbo zilizorekodiwa, nikaitilia sahihi.

Katika nyumba hii nilikuwa nimeshindwa. Wimbo wa kwanza wa redio ulihesabu mbuzi, mmoja, wawili, watatu, kisha ukawahesabu watoto wa nyumba. Mama aliizima kabla haujafika mbali.

“Mwalimu, mbuzi ya mtu hahesabiwi hivyo,” aliniambia. “Na watoto pia. Unataka mmoja apotee?”

Nilirudi ofisini nikasema mzazi huyo hana hamu.

Lakini yule msichana alikuwa ananikaa rohoni. Chekechea ya jirani ilikuwa na ua, uji na mwalimu, na kama angepokelewa asingefungiwa tena. Mwalimu, kijana aliyetoka “Kenya”, kama tunavyosema huku juu kuhusu mikoa mingine, alikuwa amemwona mara moja. Mtoto hakufungua mdomo.

“Mama, mimi sifundishi ukuta,” aliniambia. “Mtoto asiyeweza kuniambia kwa Kiswahili anataka maji, nitamjuaje akiumwa?”

Ilikuwa imebaki nafasi moja. Alikubali kumtazama tena Ijumaa. Mtoto akinyamaza tena, angekaa nyuma ya kufuli hadi Januari.

Sasa nilikuwa nyuma ya kufuli hilo hilo. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari. Kufikia saa tatu bati lilikuwa haligusiki. Niligonga mlango kwa kiganja hadi kikauma, kisha nikagonga kwa redio, kwa kuwa ndicho kitu kigumu nilichokuwa nacho.

“Fungueni mlango! Fungueni mlango!”

Kijana mmoja alisimama barabarani. Nilimwona kwenye tundu la msumari.

“Cheki, leo wamefungia mpaka shosho!” alimwambia mwenzake. Shosho, yaani bibi kizee, nilikuwa mimi.

“Kijana, vunja hilo kufuli!”

“Nivunje nyumba ya mtu mchana, mathe? Si nitaitwa mwizi?”

Wakaenda zao wakicheka. Niligonga tena, redio ikapasuka katikati, betri zikabingirika chini ya kitanda.

Niliketi. Jasho lilikuwa limelowesha kanga yote, na hewa ilinuka vumbi la makaa. Nilihisi kwamba nikipumua kwa nguvu nitaimaliza hewa ya watoto. Msichana alikuwa ameketi kando ya mlango, hana wasiwasi wowote. Alinitazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni ambaye bado hajaijua desturi ya nyumba. Kisha akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo ule ambao mama yake aliuimba akiondoka. Aliimba sauti ya mama kwa chini, akajibu kwa juu yeye mwenyewe. Kiturkana changu ni kidogo, lakini nilielewa. Mama anataja rangi ya mbuzi, mtoto anajibu pembe zake na masikio yake. Mweupe mwenye shingo nyeusi: pembe moja imeinama. Wa kijivu: sikio limepasuliwa. Alilipitia zizi zima la babu yake, mbuzi mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, bila kumhesabu hata mmoja. Mdogo wake alipojaribu kujibu naye akakosea, dada alisimama, akarudi kwa mbuzi yule, wakaanza tena hapo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiwaeleza wazazi jambo hili, na katika nyumba hii lilikuwa likifanyika kila siku baada ya kufuli kufungwa.

Mama alirudi karibu na saa sita. Alipofungua na kuniona, alishika mdomo, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

“Mwalimu! Mkono yangu ilifunga, si mimi!”

“Mkono wako una bidii,” nilisema. Nilikunywa maji, ndipo nikamwuliza kuhusu wimbo.

“Hiyo si ya shule. Hiyo ni ya mlango. Naimba mpaka kwa kona. Akinisikia, halii.”

Nilimwomba tuongeze maneno ya Kiswahili kwenye sauti hiyo hiyo, mama aulize, mtoto ajibu. Alifikiri, akakubali. Jioni hiyo na kesho yake, akipepeta makaa, aliimba: unataka nini? Mtoto akajibu: nataka maji. Unataka nini? Nataka kwenda choo. Nikapendekeza la tatu: nifungulie.

“Hiyo usiweke,” mama alisema.

“Kwa nini?”

“Nitashindwa kufunga.”

Tukaliacha.

Ijumaa mwalimu alimkalisha msichana mbele ya darasa, akamwuliza jina, akamwuliza anataka nini. Kimya. Upepo ulileta vumbi, mwalimu akaufunga mlango, mimi na mama tukabaki nje. Nilisikia kiti kikivutwa, nikajua amemaliza naye. Mama alikuwa ameusogelea mlango wa bati. Sidhani alikusudia. Alianza kuimba kama anavyoimba kila asubuhi.

Unataka nini?

“Nataka maji,” sauti ikajibu kutoka ndani, kwa wimbo.

Unataka nini?

“Nataka kwenda choo.”

Mama akanyamaza, kwa kuwa wimbo wetu uliishia hapo. Mtoto hakuishia. “Fungueni mlango!” akaimba, mara mbili, kwa sauti yangu mimi ya kukwaruza ya siku ile.

Mwalimu alifungua. “Hiyo amefundishwa na nani?”

“Na huyu,” mama alisema, akinielekezea kidevu. “Walifungwa pamoja.”

Mwalimu alitutazama wote wawili, akatikisa kichwa. “Jumatatu aje na kikombe cha uji.”

Barabara ilifunguka siku iliyofuata. Niliporudi Kakuma mwezi uliofuata, msichana alikuwa shuleni. Mdogo wake hakuwa na umri wa chekechea, kwa hiyo alibaki ndani, sasa peke yake. Mama aliniambia siku hizi anatembea polepole kufika kwenye kona, na anaimba sehemu zote mbili, kwa sababu mtoto bado hajui mbuzi wote. Nilisimama naye asubuhi moja alipokuwa akifunga. Kutoka ndani mtoto alimjibu mbuzi wa kwanza, akamjibu wa pili, kisha akakwama. Mama alimrudia huyo wa tatu mpaka tulipofika kwenye kona.

Kule Lodwar ofisi ilitaka kujua redio ilivunjikaje. Nilisema niliivunja kwenye mlango. Walikata kwenye mshahara wangu shilingi elfu mbili na mia tatu.