Nimefeli mtihani niliouitisha mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu kumi, na ni mdomo wangu umeniponza.

Tulikuwa na mkutano hapa Kericho wa kupitisha sheria ya chuo: anayetaka kusomea nyumbani lazima ajue kompyuta kwanza, ndiyo asajiliwe.

Mama Chebet, mwalimu wa praimari kutoka Sosiot anayesoma chuoni kwetu, akasimama kuwatetea wanafunzi wenzake.

"Kwetu hata stima hakuna. Nitajifunzia wapi?"

Nikamjibu kwa sauti: "Mama, dunia haingoji mtu. Hata sisi wahadhiri tupimwe!"

Makofi!

(Nilidhani ni mtihani wa karatasi. Sehemu za kompyuta nimekariri zote, hata kuchora naweza.)

Mwenyekiti akasema, "Vizuri sana. Tuanze na wewe, sasa hivi."

Sasa hivi?!

Tukavua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta, vile tunafanya siku zote ili vumbi isiingie kwa mashine. Soksi yangu ina shimo. Mwenyekiti akatoa kile kitambaa cha maua juu ya kompyuta, akasema, "Andika jina lako."

Nikatafuta pa kuwashia mpaka jasho ikanitoka. Na hii baridi ya Kericho!

Mama Chebet hakucheka. Alisema tu, "Pole, mwalimu."

Jumamosi tunaanza darasa, mimi na yeye, benchi moja.

Sasa niambieni, nimwangalie vipi?

Lakini jibuni kwa heshima. Imeili zangu zote husomwa na kuandikwa na Chepkoech, karani wetu, hata hii, na amecheka tangu mstari wa kwanza.