Adelard na Daftari la Maoni

"Mama Shomari, unalala ukuta mmoja na mumiani na umenyamaza?"

Zuena aliniambia hivyo Alhamisi asubuhi, kisimani, kamba ya ndoo ikiwa bado mkononi mwake. Zuena ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wetu, na jambo likishamfika yeye ujue Mtoni nzima imeshalipata. Nikamuuliza mumiani gani.

"Huyo Mhaya wenu, Adelard. Ana daftari. Anaandika majina ya watu, halafu watu wenyewe wanapungua. Leonardi yuko wapi? Umemwona Leonardi?"

Nilikuwa sijamwona. Leonardi fundi seremala, mpangaji mwenzetu, mlango wake ulikuwa na kufuli siku ya tisa ile.

"Labda kasafiri," nikasema.

"Kasafiri, kamuaga nani? Na hiyo chai anayowanywesha pale barazani kila Jumapili, unadhani anawapenda? Anawanenepesha, mwenzangu. Damu ya mtu aliyekonda nani anaitaka?"

Nikacheka, lakini nilipojitwika debe nikahisi mkono wangu mwingine umekwenda mgongoni wenyewe, ukampapasa mtoto. Shomari alikuwa anaota meno. Hakulala yeye, sikulala mie, na wiki ile kila kitu kilinishtua, hata kuku akiparua majani.

Adelard alikuwa kapanga chumba cha pili kutoka mlangoni katika nyumba ya Mzee Mwishehe, sie tukiwa cha tatu. Kuta za nyumba ile hazikufika juu, kwa hiyo nilijua anakohoa saa ngapi na anasali saa ngapi. Alitoka huko Kamachumu, Bukoba, akawa karani kwenye bohari moja karibu na bandari, wanakofungua makasha ya sahani na vikombe kutoka Ulaya. Sahani zile zilikuja zimefungiwa karatasi ili zisivunjike. Wenzake walizitupa karatasi. Yeye alizikusanya mfukoni mwa kaptura, akaja nazo nyumbani zimekunjamana kama majani ya mgomba yaliyokauka.

Mara ya kwanza namwona nilidhani kapata wazimu. Kaazima pasi ya mkaa kwa Kondo fundi cherehani, kanyunyiza maji kwa vidole, anapiga pasi karatasi. Moja moja, polepole, na suruali yake mwenyewe ina mikunjo mpaka magotini.

"Bwana Adelard, na suruali?" nikamuuliza.

"Suruali itangoja, Mama Shomari. Hapa kuna watu wako njiani kwenda mwezini."

Karatasi zilikuwa za gazeti la hadithi, la Kiingereza, la miaka mingi nyuma. Hadithi zenyewe ni za mambo ambayo hayajawa: vyombo vinavyopaa kupita mawingu, mashine zinazofikiri, miji chini ya bahari. Alipanga kurasa kwa namba kitandani, na hadithi haikupata kutimia hata moja. Ama haina kichwa, ama haina mwisho.

Jumapili baada ya alasiri alitandika mkeka barazani, akachemsha chai ya tangawizi, watu wakaja. Alisoma kipande kwa Kiingereza kwanza, kwa sababu Kondo alipenda kukisikia tu, ingawa hakuelewa neno. Kisha akakieleza kwa Kiswahili. Wanaume walikaa barazani. Mie nilikaa ndani ya ukumbi, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, namnyonyesha mtoto na kusikia kila kitu. Alipomaliza alimwelekea kila mtu: "Wewe umeonaje?" Mtu akisema, Adelard aliandika, jina kwanza, maneno baadaye.

Nakumbuka ile ya mtu wa chuma. Alipika, akafua, akabeba mizigo ya bwana wake, na siku moja akasimama katikati ya chumba akakataa kutikisika. Kondo akasema, "Kukataa sawa. Mie nauliza, muda wote huo alikuwa kavaa nini? Nani alimpima mabega?" Watu wakacheka. Leonardi hakucheka. Akatazama mikono yake iliyojaa makovu ya randa, akasema, "Huyo hakukataa. Kachoka. Hata msumeno unachoka, sembuse mtu." Adelard akaandika, akamsomea alichoandika, akamuuliza kama kakipata sawasawa. Kwa wote alifanya hivyo. Sikuwahi kumwona karani anayemuuliza mtu mweusi kama kamwandika sawasawa.

Ubaya ulianza na hadithi ya wasafiri wa nyota. Nyota ilikuwa mbali, safari ya miaka mia. Ili wasizeeke njiani wakalazwa, wakatolewa damu yote, ikatiwa kwenye chupa, na kila chupa ikaandikwa jina la mwenyewe. Wakifika warudishiwe, waamke. Basi. Ukurasa wa mwisho haukuwapo. Huenda ulifunga birika la mtu fulani Upanga.

Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo hawakuamka?"

"Sijui," Adelard akasema. "Ukurasa haupo. Ndiyo maana nauliza nyie. Tuseme chupa zimechanganywa, ukarudishiwa damu ya jirani yako. Utaamka wewe, au ataamka yeye?"

Leonardi akasema, "Mie nikipewa ya Kondo nitaamka namwogopa mke, na sina mke!" Wakacheka kidogo. Lakini Kondo aliacha kikombe chake kimejaa, akanyanyuka bila kuaga. Usiku uleule, bila shaka, kamsimulia mkewe, na mkewe kamsimulia Zuena. Kitu kilichochapwa kwenye gazeti, kwetu sie, ni habari. Gazeti linatangaza meli iliyofika na mtu aliyefungwa. Nani alijua kwamba kuna gazeti linaloandika mambo ambayo hayakutokea? Damu, chupa, majina. Na mbele yao karani anayewauliza majina.

Siku mbili baadaye Leonardi hakuonekana.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mzee Mwishehe alimwita Adelard uani. Mie nilikuwa nafua nepi. Sikuondoka, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bwana Adelard, mie sikutafutii ubaya. Kodi unalipa, fujo huna. Lakini watu wamenijia. Leonardi yuko wapi?"

"Amekwenda kwao Mahenge, Mzee. Kufuata mchumba. Aliniomba nisiseme, maana akikataliwa mtamcheka."

"Fundi anakwenda kuoa bila kumwambia mwenye nyumba?" Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Sikiliza. Jumapili alasiri utalitoa hilo daftari, utalichoma barazani, kila mtu aone. Ama utabeba godoro lako. Mie siwezi kulala na fimbo mlangoni kwa ajili ya mpangaji."

"Nikilichoma, Mzee, watasema kweli lilikuwa na jambo."

"Na usipolichoma watakuchoma wewe. Chagua."

Niliikamua nepi ileile mpaka ikakaribia kukauka.

Mume wangu Jamali aliporudi kazini nikamweleza. Jamali si mtu wa maneno mengi. Alimchukua Shomari, akamkagua mikono yote miwili, ndani ya kiwiko, kama anayetafuta tundu la sindano. "Sisemi ni mumiani," akasema. "Nasema usimsogelee. Huyu ndiye tuliyenaye." Kabla ya Shomari tulizika mmoja, na Jamali ndiye aliyembeba.

Jumamosi Adelard alirudi saa saba. Nje, kwa Zuena, wanawake watatu walikuwa wamekaa, na alipopita wakavuta kanga juu ya watoto wao kama mvua imeanza. Aliwasalimu. Hawakuitika. Akapita ukumbini, akatokea uani nilikokuwa naanika, akasimama mbali, hatua kama tano, makusudi ili nisiogope. Ile heshima yake ndiyo iliniumiza.

"Mama Shomari, nyumba hii nzima wewe na mie ndio tunaosoma. Ulifika darasa la nne, nimesikia. Naomba usome hili. Usinisaidie, usome tu."

Akaliweka daftari juu ya kinu, akarudi nyuma.

Shomari alikuwa analia mgongoni. Nikatazama mlango. Nikatazama daftari. Nikaifuta mikono, nikalifungua.

*Kondo, fundi wa nguo: anauliza nani alimpima mabega mtu wa chuma. Leonardi, fundi wa mbao: huyo hakukataa, amechoka. Bwana mmoja muuza mkaa, hakutaka jina lake liandikwe: anasema mwezini hakufai, hakuna miti.* Kurasa na kurasa, kwa mwandiko ulionyooka. Utani wao wote ulikuwa mle, na ujinga, na ile siku waliyogombana kama mashine inaweza kumpenda mtu. Niliwasikia sauti zao. Nikajikuta nacheka peke yangu uani, mtoto akanyamaza kusikiliza.

Nyuma kabisa kulikuwa na ukurasa wa lile gazeti, umepigwa pasi, umebandikwa kwa ugali. Maandishi ya Kiingereza, vipande vifupi, kila kimoja na jina chini.

"Hao ni wasomaji," Adelard akasema kutoka kule alikosimama. "Wanaandika kwa mwenye gazeti, wanasema wameonaje. Mmoja anasema hadithi ilimnyima usingizi. Mwingine anasema ni upuuzi, arudishiwe pesa yake. Wanatoka miji mbalimbali. Nimetafuta mji wa kwetu, nimetafuta hata Mombasa. Hakuna. Nikasema nitayageuza maneno yenu kwa Kiingereza, niyapeleke posta. Leonardi kasema neno ambalo hakuna mmoja wa hao aliyelisema. Nilitaka na sie tuwemo."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliogopa gazeti litakataa, halafu nitakuwa nimewapa watu matumaini." Akacheka bila furaha. "Bora ningewapa matumaini."

Kule nje Zuena aliita, "Mama Shomari! Uko salama huko?"

"Niko salama!" nikajibu. Nikalifunga daftari. Nilitaka kumrudishia niingie ndani, lakini kulikuwa na jambo limenikaa tangu ile Jumapili, na nisingelisema siku ile nisingelisema tena.

"Ile ya chupa," nikasema. "Hakuna aliyeuliza nani alibaki macho. Watu wote wamelazwa, miaka mia. Nani alikuwa anawageuza? Nani alisikiliza kama wanapumua? Lazima alikuwepo mtu ambaye hakulala, na huyo alizeeka, na wao wakaamka vijana hawamjui. Mie nilimwaza huyo tu. Nilidhani ni mwanamke."

Adelard alitoa penseli nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. Kwa mara ya kwanza alisogea hatua moja, akasimama.

"Kesho watakuja wote," akasema. "Mzee, Kondo, Zuena, na kiberiti. Mie nikisema hakuna atakayesikia, na daftari nikisoma mwenyewe watasema nimeyatunga. Godoro nimeshalikunja, siyo hilo ninalokuomba."

Shomari alikuwa kaanza kunisukuma na magoti.

"Mtoto umwache ndani, na Bwana Jamali umuulize kwanza, akikataa nitaelewa. Ila akikubali, nakuomba uje ukae barazani mbele yao, uyasome ya kila mtu kwa sauti yako. Na ukimaliza, useme hilo la mtu aliyebaki macho, nami niliandike pale pale wakiona, na juu yake niandike jina. Nimekaa nawe ukuta mmoja mwaka mzima, sijui hata unaitwa nani. Niambie jina lako, dada, unikubalie niliandike."