Mwamba Uliotoka Jasho

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa, na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la tatu. Mama alikuwa akikamua mawese ya watu huko Kasulu, nikawa mtu wake wa kazi. Chikichi huchemshwa, hutwangwa, hutiwa kwenye gunia, kisha juu yake unapanga mawe mazito. Zikipoa mafuta hugoma, hata uongeze mawe. Zikiwa za moto hupenya kila tundu la gunia. Siku moja nililichoma gunia la moto kwa kijiti, nione tu. Mafuta yaliruka yakaniunguza mkono. Mama hakunipa pole. Alisema, "Kitu cha moto kilichobanwa usikitafutie mlango."

Neno hilo nililisahau zaidi ya miaka arobaini.

Nikawa mchimba visima vya mkono, Kibondo na Kasulu. Sikufundishwa na mtu. Juu hukaa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na kamba yenye ndoo na kitanzi cha kukalia. Sheria yetu ni moja: nikivuta mara moja, ndoo ipande, mara mbili, mimi nipande.

Miaka michache iliyopita tulichimba bondeni, Kagerankanda. Mtaalamu wa maji alipita akasema, "Mzee, acheni hapa. Mwamba wa chini una joto."

Nikamjibu, "Wewe umesoma karatasi, mimi nimesoma udongo." Watu walicheka, na mimi nikafurahi.

Siku ya tisa niligonga mwamba, kina cha watu kumi hivi. Nilipiga mtaimbo mpaka ukazama kwenye ufa, ukanasa. Nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa la uvuguvugu, tena lilitoka jasho; vitone vilichomoza penye jiwe zima, pasipo na ufa. Nilijua mguso ule. Ni gunia la mama. Mawe ya juu ni mlima mzima, na moto uko chini.

Mtaimbo ukaanza kutetemeka. Nilitaka kuuchomoa, ni mali yangu. Mkono ulikataa. Ufa ulipiga mluzi kama birika.

Nikashika kamba. Kwa haraka nikavuta mara moja tu, nikasahau ya pili. Kamba ikapanda na ndoo yake na kitanzi chake, nikabaki natazama. Nilipiga kelele, mluzi ukazimeza. Sauti ya shemeji ilinifikia kwa mbali: "Shemeji, leo unanipandishia hewa? Au umezeeka?"

Mtaimbo ukaruka, ukapiga ukuta karibu na sikio langu. Maji yakafuata, ya moto. Yalifika kwenye vifundo, yakafika magotini. Nilipanda ukutani kwa kucha, nikaanguka. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kilichoniokoa ni ndoo ile tupu. Shemeji anasema aliitazama akaacha kucheka: miaka yote hiyo sijawahi kupandisha ndoo tupu. Akateremsha kamba bila kuitwa. Niliingia kitanzini, maji yakiwa mapajani.

Juu aliniuliza, "Mtaimbo uko wapi?"

"Uache," nikasema.

Mtaalamu alikuja hospitali. Alieleza kwamba jiwe lina vitundu visivyoonekana, kwamba maji hubanwa humo na uzito wa ardhi, na yakipata moto huwa mepesi kupita. Nikamwambia hayo mama alinifundisha, nami sikusikia. Hakucheka. "Na wewe pia nilikudharau," nikamwambia.

Sijashuka kisimani tena. Nakamua mawese.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne. Nina shamba la migomba na maharage, michikichi mia na kidogo, mashine moja ya kukamulia, mbuzi sita. Nina miguu miwili isiyoota nywele toka mapajani kushuka. Kamba ninayo, imening'inia ukutani. Mtaimbo sina.