Pingili Niliyoiunga kwa Plasta

Nilirudi nyumbani Nkwenda wiki ya Krismasi nikiwa na taya, pingili ya mgongo na kipande cha paja, vyote nakala za plasta, nimevifunga kwenye khanga ya marehemu mama. Mifupa yenyewe ni ya dinosaria mla nyama, ilichimbwa kusini mwa nchi. Mwalimu wangu wa chuo alinipa kazi moja: niseme kama huyu ni spishi mpya, au ni yule mkubwa anayejulikana tayari. Mnyama mzima, nami nina mifupa inayoenea kwenye beseni.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba ni mpya. Mifupa yake ni nusu ya ile ya yule mkubwa, na kingo za meno zina msumeno mwembamba zaidi. Tena kwa kiherehere changu nilimwambia baba kwa simu kwamba anayeandika ndiye anayetoa jina, na mimi nitatoa la mama. Baba akalitangaza kanisani. Hata mwendesha bodaboda aliyenileta kutoka Rubwera aliniamkia shikamoo, kisha akauliza mnyama wa mama yangu alikuwa anakula nini.

Siku nne nilikaa barazani nikigeuzageuza vipande. Meno yalinivuta huku, paja, lenye umbo lilelile la yule mkubwa, likanirudisha kule. Nililichukia lile paja.

Siku moja kabla ya sikukuu, familia zilizochanga zilichinja fahali kwenye kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kama kawaida, mgongo ulitangulia sufuriani kwa supu ya wachinjaji, huku nyama ikikatwa na kupangwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Nami nikapewa bakuli. Nilipong'oa nyama kwenye pingili, kisahani cha mfupa kikabanduka chenyewe upande mmoja, na uso wake ulikuwa na mawimbi madogo madogo. Mchinjaji akachungulia bakuli langu, akanung'unika kwamba tumeuziwa mtoto mwenye mwili mkubwa. Mfupa uliokomaa, alisema, hauachani kwenye supu.

Supu ikanishinda. Kwa dinosaria kinachochelewa kushikana ni upinde wa juu wa pingili na gogo lake la chini. Na pingili yangu, ile halisi, ilifika maabara ya chuo ikiwa vipande viwili, imeachana palepale. Nilidhani imevunjika. Nikaiunga kwa gundi, nikaziba mstari kwa plasta, nikausugua mpaka nikasifiwa. Sasa kidole gumba changu kikakumbuka: zile kingo hazikuwa kali kama za kitu kilichovunjika. Zilikuwa na mawimbi.

Basi nilikuwa na mtoto. Lakini mtoto wa nani? Wa yule mkubwa? Au wa spishi mpya kweli, ambayo wakubwa wake hatujawaona? Na msumeno wa meno hubadilika mnyama akikua, au hubaki vilevile? Kila jibu lilinizalia maswali mawili. Nilichojua ni kwamba siwezi kumbandika mama juu ya mnyama nisiyemjua.

Nilimvuta baba pembeni nikamweleza yote, mpaka habari ya plasta. Alisikiliza akifuta kisu kwa jani.

"Kwa hiyo jina halipo tena?" akauliza.

"Sijui, baba. Labda lipo. Kwa sasa siwezi kulitoa."

Walikuwa wanamwita akagawe.

Kwetu mgawaji huyapa mafungu mgongo, asije akapendelea. Mwenzake anagusa fungu kwa fimbo na kuuliza la nani, naye mgawaji anataja jina la mwenye nyumba bila kuliona fungu. Baba amekuwa mgawaji tangu nikiwa mdogo, na fungu letu hulitaja kwa jina lake mwenyewe. Siku hiyo alitaja majirani wote, mmoja mmoja, sauti yake ya kawaida. Fimbo ikagusa fungu la mwisho.

"Hili la nani?"

Baba akataja jina la mama, lote, la ubatizo na la nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Mama ana miaka mitatu kaburini, hatua chache tu kutoka pale, katikati ya migomba. Mpaka leo sijui kama baba hakunielewa, au alinielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Mwenye fimbo alinitazama. Nilisogea, nikalichukua fungu kwa mikono miwili.