Kiuno cha Sisimizi

Nasema mapema, kabla hamjasikia ya Hamoudi: Shifaa si mkaidi. Walimwita mkaidi kwa sababu alikataa jambo, na katika ukoo ule mwanamke akikataa mara mbili hutafutiwa jina. Nimekaa naye baraza moja hapa Isevya, Tabora, miaka kumi na minne, mimi na cherehani yangu ya sare za shule, yeye na kofia zake, na sijamwona akigombana na mtu ambaye hakuanza.

Shifaa ni mjane. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, naye akarudi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake, akawa anadarizi kofia za mkono. Watu wa Kigoma walizifuata mpaka hapa kwa ajili ya Idi. Kisha zikaingia kofia za mashine, zinashushwa kwa marobota, na wanaume wa mji huu wakaona kofia ni kofia tu. Kazi ikapungua mpaka akawa anashona moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hata hiyo hakuna.

Hapo ndipo Hamoudi, kaka yake mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipoanza kumpigia mahesabu. Mama mkwe wa Hamoudi anaishi Maskati. Alikuwa amevunjika nyonga, na alihitajika mtu wa kumwogesha, kumlisha na kukaa naye. Hamoudi hakumuuliza Shifaa. Hata mkewe, Nawal, ambaye ndiye mwenye mama, hakumuuliza. Alikuja tu na fomu ya pasipoti ya Shifaa imejazwa kila mahali, imebaki sahihi.

"Huko utakula vizuri, utafika na umra," alimwambia. "Hapa unakaa tu."

"Sikai tu, kaka. Nafanya kazi."

"Kazi gani? Kofia zimekwisha. Au hii ya kufunga sisimizi?"

Alilitamka hilo neno sisimizi kama mtu aliyekanyaga kitu. Basi niwaeleze hao sisimizi.

Elieth, muuguzi aliyepanga vyumba vya uani, alikuwa amejifungua, na kaka yake Adriano alikuja kutoka Mufindi kumwona mtoto. Adriano anaongoza wageni kwenye mito ya kule kwao juu, kwenye baridi, wanakovua samaki anayeitwa trauti. Wavuvi wale hawatumii mnyoo. Wanatumia mdudu wa bandia, aliyefungwa kwa uzi na unyoya juu ya ndoano, na samaki huyo ana maringo: akimwona mdudu hafanani na wa kweli, anageuka na kwenda zake. Adriano aliiokota kofia moja ya Shifaa, akaigeuza ndani nje, akatafuta fundo asilione.

"Dada, mkono huu unaweza kufunga sisimizi," alisema.

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Tabora hii! Samaki wetu ni sato, migebuka na dagaa wanaokuja na treni, na ukienda kutafuta mto mwezi wa tisa utavuka na kandambili zako kavu. Shifaa hakucheka. Alisogeza kofia pembeni, akasema, "Nifundishe."

Alimfundisha siku tatu. Akamwachia jiliwa dogo la kubania ndoano, na ndoano zenyewe, ndogo kuliko punje za mchele. Tumbo nyuma, kichwa mbele, unyoya wa jogoo katikati uwe miguu. Mvua zikianza, alisema, sisimizi wa milimani wanaangushwa majini na upepo, na trauti siku hiyo hataki chakula kingine. Mama mwenye nyumba ya wageni, bosi wake, alikuwa anawaagiza wadudu hao kutoka nje ya nchi. Akiwapenda wa Shifaa, angemwagiza yeye kila msimu.

Shifaa alifunga dazeni moja, wazuri, wanang'aa, uzi umelala bila kupishana. Tukawapeleka stendi alfajiri, wakaondoka na basi la kwenda Dodoma, waunganishwe na la Iringa. Ni njia ileile ya misafara ambayo Hamoudi haachi kuitaja, kwamba babu zake waliifuata kutoka pwani na kuujenga mji huu. Mimi humjibu kwamba babu zangu Wanyamwezi nao walikuwepo, ndio waliobeba mizigo kichwani.

Siku ya tisa Adriano alituma ujumbe wa sauti. Alianza kwa salamu ndefu, nikajua mambo yameharibika. Trauti wanamsogelea yule mdudu, wanamtazama, wanageuka. Akishalowa anazama. Na bosi amesema fundi wa kofia arudi kwenye kofia zake.

Nilikasirika kuliko mwenyewe. Kumbe Hamoudi naye alishazipata habari kwa Elieth, kwa sababu jioni hiyohiyo alifika na fomu na kalamu, akaketi kwenye kiti changu bila kuniomba.

"Haya," alisema. "Hata samaki wamekukataa."

Nawal alikuwa amesimama nyuma yake, anakunja na kukunjua ncha ya buibui lake. Shifaa aliichukua ile kalamu, akaiweka juu ya meza.

"Nitapeleka kifurushi cha pili. Wakikirudisha, nasaini mbele yako na hutasikia neno langu. Wakikipokea, usinitajie Maskati tena mpaka tunazikana."

"Mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi," alisema Hamoudi, akaondoka anatabasamu.

Nilimgombeza. Nani alimtuma ajifunge kamba mwenyewe? Yule bibi wa Maskati ni mgonjwa, namwonea huruma, lakini mtu akienda kumhudumia mgonjwa wa namna ile kwenye nyumba ya watu, akiwa hana mume, hana mtoto wala kazi ya kumrudisha, harudi. Tumeshawaona wawili wa mtaa huu. Shifaa alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniomba sukari.

Aliinyunyiza kwenye ukingo wa baraza, akatoa kile kioo cha kukuzia maandishi alichokuwa akisomea marehemu baba yake, akalala kifudifudi. Mwanamke mzima, na ushungi wake, amelala barazani anatazama sisimizi! Wapita njia walisimama. Mmoja alinitolea shikamoo kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzangu yu mzima. Nikamwambia aende zake.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, aliinuka ghafla, paji la uso lina vumbi.

"Zabibu!" aliniita jina. "Wana kiuno!"

"Nani?"

"Sisimizi. Tumbo liko kule, kichwa kiko huku, na hapa katikati hapana kitu. Mimi nimewajaza."

Alinionyesha mmoja wa wale wa kwanza chini ya kioo, na nikaona. Mnajua kofia ya mkono inavyofanyiwa kazi. Kati ya ua na ua kitambaa hakiachwi kitupu. Shangazi yake, aliyemfundisha akiwa na miaka saba, alikuwa akiona nafasi ya upana wa chawa anaichana kazi yote kwa kiwembe na kumwambia aanze upya. Vidole vya Shifaa vilikulia hapo. Vilipofika kwenye kiuno cha sisimizi vilifanya vilivyofundishwa: vikajaza, vikalaza uzi vizuri, vikatoa kitu kinene kama punje ya choroko yenye miguu. Na uzi mwingi ule ndio uliokunywa maji. Alikuwa amewashonea kofia sisimizi wa watu.

Mtasema, si aache tu nafasi? Jaribuni nyinyi kuuzuia mkono ambao umefanya jambo moja miaka thelathini na tano. Alifunga, akajaza, akafumua. Akafunga tena, akajaza tena. Siku moja alilia, si kwa huzuni, kwa hasira, akaupiga mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama anayempiga mtoto. Mwishowe akaanza kujiamrisha kwa sauti. Uzi ukifika kiunoni anasema, "Acha!" Mzunguko mmoja, basi, "Acha!" Kutwa nzima nilikuwa nasikia acha, acha. Mteja wangu mmoja aliyekuwa anashikashika vitambaa alirudisha mkono na kuomba radhi.

Uzi aliusugua kwa nta ya nyuki iliyotoka Sikonge, ili usinywe maji. Akajaza beseni, akawatupia humo mmoja mmoja. Waliozama aliwakata kwa wembe bila huruma. Walioelea, wakatandaza miguu yao ya jogoo juu ya maji, aliwapanga kwenye kiboksi cha dawa alichopewa na Elieth. Dazeni mbili. Tukaenda stendi tena, na safari hii hatukuongea njiani.

Hamoudi hakusubiri. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho alituma sanduku jipya la nguo, jekundu, lina magurudumu. Shifaa alilisimamisha kando ya meza, akaweka juu yake jiliwa, akaendelea na kazi.

Ijumaa baada ya sala walikuja, Hamoudi na kanzu yake na Nawal nyuma yake. Shifaa alitoa shikamoo, akaitikiwa. Kisha akaweka simu mezani na kufungua sauti ya Adriano iliyokuwa imeingia asubuhi. Hata mimi hakuwa ameniambia, mwanamke yule!

"Da Shifaa, wamekula! Mgeni mmoja kapata trauti tisa kwa mdudu mmoja, mpaka mdudu kakatika miguu. Bosi anataka dazeni ishirini kabla ya masika. Anauliza kwenye kadi za hao wadudu aandike jina gani."

"Nimeshamjibu," alisema Shifaa. "Aandike Shifaa, Tabora."

Nilipiga kigelegele, sioni aibu kusema.

"Sawa," alisema Hamoudi. "Na mama Maskati atahudumiwa na nani? Yule mzee hana mtu."

"Ana binti," alisema Nawal.

Sote tuligeuka. Nilikuwa nimemzoea Nawal kimya kiasi kwamba sauti yake niliiona ngeni.

"Binti gani?" aliuliza Hamoudi.

"Mimi. Miezi minne nasubiri uniulize. Pasipoti yangu ninayo." Aliliendea lile sanduku jekundu, akamsubiri Shifaa aondoe jiliwa, akalishika mpini.

"Na mimi nitakula nini?"

Basi. Kumbe ndilo lilikuwa jambo lenyewe muda wote. Nawal aliliburuta sanduku mpaka barabarani, magurudumu yanagonga mawe.

Aliondoka Jumatano. Jumamosi yake, saa ya chakula cha mchana, Hamoudi alitokea barazani, amekonda kidogo, au ni macho yangu. Alikohoa. Akasifu hali ya hewa. Akauliza leo kumepikwa nini.

Shifaa alikuwa na uzi mkononi, amefika kiunoni. Hakuinua kichwa.

"Jiko liko uani, kaka. Mimi niko kazini."

Hamoudi alinitazama mimi. Nikakanyaga cherehani. Akavua viatu, akaingia ndani, na baada ya kitambo tukasikia sufuria inaanguka. Hakuna aliyeinuka.