Siku Nilipojiunganisha na Mwenyekiti

Mpaka leo nikipita soko la Ndhiwa kuna kina mama wakiniona wanashikanisha mikono kama wamefungwa pingu, halafu wanakufa kwa kicheko, na mimi nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini, aibu niliitafuta mwenyewe.

Mimi ni binti wa Kikuria kutoka Kegonga, na wakati huo nilikuwa mwalimu wa muda katika shule moja huko Ndhiwa, kazi yangu ikingoja neno la bodi, na bodi yenyewe ingekuja siku ya wazazi kunitazama nikifundisha Gredi ya Tano kuunganisha sentensi za Kiingereza. Watoto walikuwa wananitoa jasho, kila sentensi wanaiunga kwa "to" ya Kijaluo (kwao ndiyo "lakini"), nikaapa siku hiyo wazazi watasikia "but" na "because" au nirudi kwetu nikachunge ng'ombe.

Siku ikafika, nikaona chaki haitoshi. Nikatoa leso yangu, nikafunga pamoja mikono ya watoto wawili, nikasema mtoto huyu ni sentensi, na huyu ni sentensi, fundo ndilo kiunganishi, mambo yakaenda vizuri mpaka nikanogewa, nikamwita mwenyekiti wa bodi, mzee wa watu, awe sentensi. Mwenzake akakosekana (wazazi wote ghafla wanaangalia dari), basi nikajifunga naye mimi mwenyewe, mkono kwa mkono, tena nikakaza.

"Haya, tuunganisheni!"

Atieno, kasichana ka dawati la mbele, akasimama. "The chairman is happy because the teacher is young."

Darasa likalipuka. "Yawa! Wakuria wanataka ng'ombe ngapi?" mzazi mmoja akapiga kelele. Mwenyekiti akavuta mkono, fundo likazidi kukaza, akavuta tena, nusura nimwangukie. Niliona kazi inaniponyoka, lakini siachi somo nusu, na sarufi ya mtoto ilikuwa sahihi! Nikainua mkono (na wa mzee ukapanda nao): "Mpigieni makofi! Because imekaa mahali pake!"

Wakapiga. Ndipo mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akisaidia kupikia wageni, akaingia kutoka jiko la shule, kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi. Nilisali sala zote ninazozijua. Akaja, akakata leso katikati, akanitazama.

"Madam, hiyo sasa ndio fulstopi."

Kazi nilipata, na nasikia ni mama huyo aliyenitetea, eti mwalimu aliyemaliza somo mbele ya kisu hawezi kushindwa na watoto. Lakini nimeapa: kuunganisha nitafundisha mpaka nistaafu, ila mume wa mtu sitamtumia tena kama mfano.